Mama Nguchiro na Uji wa Vibaba Vitatu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmeshinda njaa? Paukwa!

Pakawa!

Ehe, hapo sawa. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na gulio lao. Mama Nguchiro alipika uji hapo, na uji huo ndio uliolisha wanawe wanne. Lakini gulio lilikuwa na sheria: jiko lisipowaka magulio matatu mfululizo, banda anapewa mwingine. Na Fisi alilitolea macho banda lile.

Mtama wote aliuleta Ngiri. Kila gunia aliongeza kibaba kizima cha bure. "Ila usinunue kwa mwingine," alisema. Nguchiro akakubali. Nani asiyependa nyongeza?

Akaja Kanga na mtama. "Mama, chukua hata kidogo."

"Sina haja. Ninaye Ngiri."

Akaja Panya Buku na ulezi. "Sina haja. Ninaye Ngiri."

Akaja Nungunungu na muhogo mkavu. "Wewe nawe! Nani anywe uji wenye miiba?" Wote wakaenda zao.

Masika yakaingia. Ngiri akateleza mtoni, akavunjika mguu. Gulio la kwanza Nguchiro akangoja, jiko baridi. Gulio la pili akangoja, jiko baridi. Fisi akaja na kamba, akapima banda huku anacheka. Watoto wakashinda na maji matupu.

Nguchiro aliona aibu, jamani! Lakini aibu haijazi chungu. Akaenda kwa Kanga.

"Leo Ngiri huna?" Kanga akauliza.

"Sina, dada. Nilikukosea."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mwenzangu." Akampimia kibaba cha mtama. Panya Buku akampa kibaba cha ulezi. Nungunungu akanuna, akanuna weee, halafu akasema, "Wanao hawajanikosea. Chukua muhogo."

Gulio la tatu uji ukachemka, mwekundu, mzito. Fisi akakunja kamba yake, akaondoka.

Siku zikapita. Ngiri akaja akichechemea, mgongoni magunia matatu, anahema. Nguchiro akamkalisha, akampa bakuli.

Ngiri akaonja. "Huu si mtama wangu."

"Ni vibaba vya wenzako."

"Kwa hiyo umeniacha?" Machozi yakamlengalenga.

"Sijakuacha, kaka. Lete gunia moja tu, hata bila nyongeza. Siku ukiumwa, pumzika upone. Uji utapikwa."

Ngiri akainama, akanywa uji wake wote.

Basi wanangu, mfanyabiashara asiweke chungu chake mgongoni kwa mtu mmoja. Akianguka yule, mnaanguka wote. Na wauzaji wadogo tusiwadharau siku tuliyoshiba.

Hadithi niliikuta njiani, nami naiacha hapa hapa. Apitaye aiokote.