Fisi Aliyetaka Kisima Kiwe Safi

Ngano hiyooo, inakuja!

— Na ije, tuione sura!

Ije na kweli au ije na uongo?

— Ije na vyote, tutachambua wenyewe!

Haya, chambueni. Hapo zamani za kale, ukame uliingia nyikani, kikabaki kisima kimoja. Wanyama walikuwa na Bunge lao, na Spika alikuwa Kiboko. Muswada husomwa mara tatu, hupita kwenye kamati, hupigiwa kura, kisha Mfalme Simba huukanyaga kwa unyayo wake. Ukishakanyagwa ni sheria, na sheria ya Simba haina "samahani, sikusikia".

Siku moja akasimama nani? Fisi!

"Mheshimiwa Spika, naleta Muswada wa Usafi wa Kisima."

Ukasomwa mara ya kwanza, jina tu. Wanyama wakapiga kwato chini kwa furaha. Nani akatae usafi?

Alikuwapo Mama Digidigi, mwanawe ameachishwa ziwa juzi tu. Akainua pua.

"Hapa pananuka."

"Mama Digidigi, kwako kila kitu kinanuka!"

"Tangu lini Fisi akachukia uchafu?"

Wakacheka.

Ukasomwa mara ya pili. Fisi akaeleza huku machozi yakimlengalenga. "Ndugu zangu, kila mnyama aoshe miguu kabla ya kunywa. Kuna ubaya?"

Hakuna. Hata mimi nautafuta ubaya siuoni, na hapo ndipo ninaposhuku.

"Hapa pananuka," akasema Digidigi. Wakacheka tena.

Muswada ukaenda kwenye kamati. Mwenyekiti nani? Mbweha, anayeishi kwa makombo ya Fisi! Digidigi akaenda kutoa maoni. Aliambiwa kamati inakaa korongoni. Kufika korongoni, wamehamia kichakani. Kufika kichakani, wamekwisha maliza. Mbweha akajifuta mdomo.

"Tumeongeza kifungu kidogo tu, mama. Wanyama wanywe mmoja mmoja, jioni, wasisukumane."

Mmoja mmoja, jioni. Digidigi akamtazama mwanawe, hata pembe hana.

Mara ya tatu Bunge likahamishiwa kwenye majabali, eti kuna kivuli.

"Hapa pananuka," akasema Digidigi. Safari hii hakuna aliyecheka, walikuwa wanasinzia. Si wameshausikia mara mbili?

Kiboko akafungua jicho moja. "Wanaoafiki waseme ndiyo!"

Fisi akaachama. "Ndiyooo!" Majabali yakaitika: ndiyooo, ndiyooo, ndiyooo!

"Wasioafiki?"

"Siyo!" Sauti ya Digidigi haikufika hata jiwe la kwanza.

"Nadhani waliosema ndiyo..."

"Mheshimiwa Spika! Tuhesabiwe kwa miguu! Kila mmoja asimame upande wake tumwone!"

"Kanuni inataka wawili wakuunge mkono. Wasimame."

Wanyama wakaendelea kukoroma.

"Jamani, amkeni! Wameongeza kifungu: mmoja mmoja, jioni! Mwanangu akiinamisha kichwa anywe, nani atakuwa kichakani?"

Ngiri akawatazama wanawe, akasimama.

"Mwingine?"

"Mimi!" akasema Kobe.

"Basi simama, Kobe."

"Nimesimama, Mheshimiwa Spika!"

Wakahesabiwa. Upande wa ndiyo walisimama Fisi na Mbweha, basi. Majabali hayana miguu. Muswada ukafa hapo hapo, Simba akakosa cha kukanyaga.

Mnadhani Fisi alikasirika? Wapi! Alicheka.

"Mama Digidigi, kikao kijacho nitauleta tena. Nitabadilisha jina tu."

Jioni mtoto akauliza, "Mama, si tumeshinda? Mbona hatuendi kisimani?"

"Tumeshinda, mwanangu. Lakini Fisi amecheka. Tafuna majani haya, yana maji."

Ndiyo maana mpaka leo digidigi humwoni kisimani ila kwa nadra.

Nanyi mjue: sheria ya kukuumiza haiji na jina baya. Ikisomwa mara tatu, uwe macho mara zote tatu.

Ngano nimeitua, mzigo si wangu tena. Wanaoafiki waseme ndiyo!

— Ndiyooo!

Asanteni. Mmeafiki kuosha vyungu vyote, mimi naenda kulala. Mngeuliza kwanza.