Kibanio cha Lupyana

"Springi haijui haraka yako." Mmeisikia leo gerejini, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilianza hapa hapa Makambako, kwa Lupyana Mtitu, mtu ambaye hata chai hakuisubiri ichemke.

Mkewe, Atuganile, alikuwa amekwenda kujifungulia kwao milimani, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Akazaliwa mtoto wa kiume. Baba mkwe akatuma neno: Jumapili, siku ya arobaini, mtoto atapewa jina. Baba akiwepo atampa yeye. Asipokuwepo, atampa babu. Lupyana alitaka mwanawe aitwe Mtitu, jina la marehemu baba yake aliyemlea peke yake. Hakuna kitu alichokitamani zaidi ya hicho.

Lakini pikapu yake, aliyotaka kwenda nayo, ilikuwa imefunguliwa injini, vipande vimetandazwa juu ya magunia uani. Valvu alikwisha kuzisaga. Zilibaki springi zake, nazo hazirudishwi kwa vidole. Zinataka kibanio cha kuzikandamiza. Ijumaa asubuhi akaenda kwa Mama Sekela, mjane wa fundi, aliyekuwa akiazimisha vifaa vya marehemu.

"Springi zako zimekaa juu, au zimezama kwenye mashimo ya injini?" mama akauliza.

"Mama, springi ni springi. Nipe kile kikubwa."

"Kile kina mdomo mpana. Kama zimezama hakitaingia. Nenda kapime kwanza, hiki chembamba nitakuwekea."

"Nani ana muda wa kupima? Jumapili natakiwa ukweni."

"Haya baba, chukua."

Zilikuwa zimezama. Mdomo wa kibanio ukagota kwenye kingo za shimo. Kwa Mama Sekela ni mwendo wa dakika kumi, lakini Lupyana aliona aibu na uvivu kwa pamoja. Akakata kipande cha bomba, akakichomeka kati ya kibanio na springi, akakaza. Springi saba zikakubali, naye akajisifu kwa sauti. Ya nane, bomba likateleza. Springi ikaruka, na kile kichuma kinachoifunga, kidogo kama punje ya mchele, kikaenda kusikojulikana.

Alikitafuta mchana kutwa. Alichekecha mchanga wa ua kwa chekecheo la unga, akainuka, akainama tena, hata uji alioletewa na jirani ukapoa. Jumamosi asubuhi basi la milimani likapiga honi barabarani, na lingine lilikuwa Jumatatu. Alilisikia. Akajiambia kichuma kiko karibu kuonekana, akaendelea kutambaa.

Kichuma hakikuonekana. Jumatatu alifika ukweni kwa basi, mikono ingali na grisi. Atuganile alimpokea mlangoni, mtoto mgongoni.

"Anaitwa Ambakisye," akasema. "Nilimwomba baba asubiri hadi jioni, na kweli alisubiri."

Lupyana akampakata mtoto, akajaribu kulitamka jina lile. Likamshinda, akalia mbele ya wakwe zake.

Aliporudisha kibanio, Mama Sekela hakumsimanga. Alimwuliza tu jina la mtoto, akajibiwa.

"Hata ningekwambia subiri, usingenisikia," akasema. "Ulikuwa na haraka ya kweli, baba, na haraka yenyewe ilikuwa nzuri. Lakini springi haijui haraka yako."