Shimo Lisilojaa la Kitangani

Zamani, katika mji wa Kitangani, mtu alichimba shimo la maji machafu popote ardhi ilipolikubali jembe, wala hakumuuliza jirani. Mji ule ulikaa juu ya mawe ya matumbawe, na kisima chake cha maji matamu kilikuwa kimoja tu, Kisima cha Mwatima, kilichoitwa kwa jina la mwanamke aliyekigundua.

Shaame bin Kombo alikuwa mtengeneza ngozi. Ngozi mbichi aliziloweka katika maji ya chokaa ili manyoya yatoke, kisha akazitia katika pipa la magome ya mkoko mpaka ziwe nyekundu. Maji ya chokaa, pamoja na uoza wake, aliyamwaga katika shimo nyuma ya nyumba, upande wa juu wa kisima. Maji ya magome hakuyamwaga kamwe. Kuyakoleza kulimchukua mwaka mzima.

Mashimo ya wenzake yalifurika na kunuka. Lake lilimeza kila kitu likabaki kavu, na mtaa mzima ulilisifu.

"Wewe una wake wawili, Shaame," jirani yake, Mcha bin Ali, alikuwa akimtania. "Na huyu wa nyuma ya nyumba hula chochote unachompa, wala hanuni."

Kisha watu wakaanza kuharisha. Wengine walimlaumu popo aliyeonekana kisimani, wengine mgeni aliyepita. Mize, mjukuu wa Shaame kwa mwanawe Haji, naye akaanguka. Bi Time, mkewe Shaame, alimnywesha maji kijiko kwa kijiko, na kila alipokunywa alizidi kulegea. Shaame aliyatazama maji yale kikombeni. Yalikuwa maangavu. Hapo likamjia swali ambalo hakuwahi kujiuliza: yale yote yaliyomezwa na shimo, yalikwenda wapi?

Alfajiri alichota maji ya magome ndoo kwa ndoo, akayamwaga shimoni.

"Hiyo ni kazi yako ya mwaka mzima, Baba Haji," mkewe alimwambia.

"Naomba Mungu iwe nimeipoteza bure."

Akaenda kisimani, akawasihi watu wasichote mpaka jioni. Walinung'unika, wakamwita mzee aliyechanganyikiwa. Mcha peke yake alikaa naye, naye Shaame akamweleza alichokuwa akikingojea. Kila ndoo waliyoivuta ilikuwa safi. Adhuhuri ilikuwa bado safi. Shaame alianza kutumaini, na tumaini lile lilimtia hofu kuliko mwanzo.

Alasiri ndoo ilipanda nyekundu.

Mcha aliitua ndoo chini. "Kumbe huyu mke wako wa pili," alisema taratibu, "alikuwa akitulisha sisi."

Walizoa uchafu wote wa shimo lile, wakaliziba kwa udongo wa mfinyanzi. Msimu mzima wa mvua walitembea mpaka kijiji cha mbali kutafuta maji, huku wakiteka maji ya kisima na kuyamwaga, mpaka kikatakata. Mize alipona. Mama yake Mcha hakupona.

Na tangu siku hiyo, mtu wa Kitangani akitaka kuchimba shimo, kwanza humwaga mahali pale maji mekundu ya magome, kisha huenda kuketi kisimani, akivuta ndoo na kutazama. Hangoji peke yake. Jirani yake huketi naye. Na kati yao hakuna atakayetoa utani mpaka ndoo ya mwisho ipande.