Posa ya Tajiri Mbaruku

Alikuwapo tajiri mmoja, Mbaruku, mwenye moyo mkunjufu kiasi cha kumtaka Siwema, muuza vitumbua, bila kutoa hata senti ya mahari.

"Wanawake mnapenda pesa," alimwambia. "Nithibitishie kuwa unanipenda mimi."

Siwema alijifuta unga mikononi. "Nitathibitishaje, bwana, na ghorofa lako limesimama katikati yetu? Liandikishe kwa mwingine. Nikikukubali hivyo hivyo, utajua."

"Kwa nani? Ndugu zangu wote wezi."

"Basi kwa mama yangu, mjane wa watu."

Mbaruku alicheka. "Kwani mali ya mama mkwe si yangu?" Akatia saini mbele ya wakili, kisha akaja kuposa, manukato yakimtangulia.

"Mimi nakupenda sana," Siwema alimwambia mlangoni. "Tatizo ni mama. Hataki mkwe asiye na nyumba."