Nguvu za Kumsuka Mtoto

Wapendwa, leo nina neno la jikoni. Kulikuwa na mama mmoja aliyeugua saratani ya damu. Akapelekwa hospitali kubwa, akapandikizwa uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Siku ya kuruhusiwa daktari alimwambia, "Mama, damu yako inakwenda vizuri. Lakini uchovu utakuwa nao miezi mingi, na huu si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Tembea kidogo kila siku. Na hizo nguvu chache utakazopata, chagua mwenyewe pa kuzipeleka."

Mama akatii. Akawa anaoga amekaa kwenye kigoda. Anatembea mpaka getini, anarudi, anapumzika. Siku akipika uji, hafagii.

Sasa, alikuwa na binti wa darasa la pili, na Jumapili iliyokuwa inakuja ni sikukuu ya watoto. Binti angesimama mbele ya kanisa kusema mstari wake. Muda wote mama alipokuwa hospitali, mtoto alisukwa na majirani. Mama akamwambia, "Safari hii nakusuka mimi." Basi Ijumaa hakugusa kazi yoyote. Jumamosi asubuhi vilevile. Nguvu zote alimwekea mtoto wake.

Mchana, mtoto yuko kwenye mazoezi ya kwaya, mara hodi! Akina mama wa kanisani hao. Mama akawakaribisha, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Wakaingia, wakaimba, wakaomba kwa machozi: Bwana, mpe nguvu mtumishi wako! Kisha wakakaa. Mnanielewa ninaposema wakakaa?

Mama akainuka. "Siwezi kuwaacha mwondoke midomo mikavu."

"Aa, dada, usijisumbue!"

Jamani, hiyo "usijisumbue" yetu! Tunaisema tukiwa tumeshaegemea kochi. Nani alimfuata jikoni? Hata mmoja. Akachemsha chai, akakanda unga, akasukuma chapati. Wageni wakala wakasaza, wakashangilia: "Juzi alikuwa hoi kitandani, leo anasukuma chapati! Mungu ni mwema!" Wakaaga.

Mtoto akarudi mbio, akachukua kitana na mafuta, akakaa chini kati ya magoti ya mama yake. Mama akasuka mstari wa kwanza. Akasuka wa pili, wa tatu. Mikono ikaanguka.

"Mama, umelala?"

"Hapana, mwanangu. Mikono imekataa." Akalia, maana aliitaka sana kazi ile.

Asubuhi bado hakuweza hata kuinua kitana. Baba akataka kuifumua ile mistari ili mtoto aende na nywele za kuchana tu. Mtoto akagoma. "Hii kanisuka mama." Akaenda hivyo hivyo, upande umesukwa, upande nywele zimesimama, akasema mstari wake kwa sauti bila kukosea.

Na kwenye benchi la tatu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake: "Makubwa! Mama yake si ameshapona? Jana katupikia chapati tamu kabisa. Kichwa cha mtoto ndicho kinamshinda?"

Mmesikia? Waliomwombea nguvu ndio waliozila. Wakazila na chai, halafu wakauliza zimekwenda wapi!

Msiwacheke, ni sisi wale. Mgonjwa akisema amechoka, sisi tunamjibu, "Mbona unaonekana vizuri?" Akilala mchana tunamwita mvivu. Akijikaza kwa ajili yetu, tunatoa ushuhuda. Nani kakwambia kwamba aliyesimama amepona? Anapokwambia hawezi, mwamini. Ukiwa na mafua, baki kwako usije ukamwambukiza, umwombee ukiwa huko huko. Ukienda, kaa kidogo, osha vyombo, na muulize leo nguvu zake anataka kuzipeleka wapi. Akikwambia ni kwa mtoto wake, aga uondoke, wala usinune.

Najua baada ya ibada kuna kundi linakwenda kumwona yule ndugu yetu aliyetoka hospitali juzi. Vizuri sana. Nawaona mmeshika Biblia na vitabu vya nyimbo. Chupa ya chai kabeba nani?