Wote Walikuwa wa Kwanza

Paukwa!

— Pakawa!

Watoto wameitika, wakubwa wanatazamana. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Anayetaka kulala alale sasa, asije akakoroma mahali pa kulia.

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa wakitunga na wanyama wakisikiliza, aliishi Shorwe, ndege mdogo wa kahawia mwenye kishungi. Aliishi juu ya mkwaju na makinda wake watatu. Mama yake alikuwa amekufa katika moto wa nyika. Shorwe akamtungia shairi. Akaliimba peke yake, kwa sauti ya chini, maana aliona haya. Lakini moyoni alitaka kitu kimoja tu: wengine walisikie, mama asife mara mbili.

Akapita Kunguru, tarishi, shingo nyeupe kama kola ya karani. Kraa!

"Shairi hilo ni lako, bibie?"

"Langu, bwana."

"Baraza Kuu la Malenga wa Mto na Kando Zake lina shindano. Mwenyekiti ni Kenge. Katibu ni Kenge. Majaji ni Kenge na wenzake."

"Wenzake ni akina nani?"

"Hiyo ni siri ya ofisi."

Akaruka. Hata mate hayajakauka, huyo amerudi. "Hongera, bibie! Umekuwa wa kwanza!"

Shorwe akalia kwa furaha. Akasahau kuuliza shairi lilisikilizwa lini.

"Kuna ada kidogo," akasema Kunguru. "Unyoya mmoja wa mkia, wa kuandikisha ushindi."

Nyofu! Akatoa.

Kunguru akaenda, akarudi. "Unyoya wa muhuri."

Nyofu! Akatoa.

Akaenda, akarudi. "Unyoya wa kumpa anayegonga muhuri. Muhuri haujigongi wenyewe."

Nyofu! Akatoa.

Jirani yake Tetere, wa tawi la chini, akamwangalia. "Shoga, mkia umekwenda wapi?"

"Umekwenda barazani."

"Mimi mashairi siyajui. Lakini sijaona mshindi akinyonyolewa. Anayenyonyolewa ni kuku wa karamu."

"Wivu huo, Tetere."

Tetere akarudi tawini kwake.

Siku ya tuzo ikafika. Kuingia ni manyoya ya mabawa, kulia na kushoto. Nyofu! Nyofu! Shorwe akawaacha makinda kiotani, akaruka upande upande mpaka pangoni kwa Kenge, kando ya mto. Palijaa. Kwale wapo, panya wapo, njiwa wapo.

Kenge akainua shingo. "Mshindi wa kwanza, simama!"

Wote wakasimama.

Shorwe akamgeukia Chura aliyekuwa kando yake. "Nawe ni wa kwanza?"

"Wa kwanza kabisa," akasema Chura, akicheka.

"Ulitunga nini?"

"Sikutunga. Nilipaliwa na nzi. Nikasema krooo! Kunguru akapita, akaniambia nimeshinda."

"Ukalipa nini? Huna unyoya."

Chura akatazama chini. "Mayai ya kidimbwi kizima," akasema. Hakucheka tena.

Zamu ya Shorwe ikafika. Akaimba. Alipolitaja jina la mama yake akainua macho, amwone japo mmoja anayesikiliza. Kwale alikuwa akijipanga manyoya. Panya alikuwa akinong'ona beti zake mwenyewe. Kila aliyekuwapo alikuwa akingoja zamu yake. Na Kenge? Kenge alikuwa amelala juu ya godoro nene, laini, la manyoya ya washindi.

"Limenigusa sana," akasema Kenge, akipiga miayo. "Binti, umebakiza ngazi moja tu. Malenga Mkuu. Toa manyoya ya mabawa yaliyobaki."

"Nikishayatoa, nitarudije kwangu?"

"Malenga Mkuu harudi kwake. Hukaa hapahapa."

Ulimi wake ukatoka, ukarudi. Ukatoka, ukarudi.

Shorwe akaelewa. Akatimka kwa miguu, puru puru puru, katikati ya washindi, mpaka nje. Kuruka hakuweza tena. Akatembea. Akatembea mpaka chini ya mkwaju, akasikia makinda wakilia juu. Akaruka, akaanguka. Pu! Akaruka, akaanguka. Pu!

Tetere akachungulia kutoka kiotani. "Wawili nimewalisha. Wa tatu nilimkuta ameshanyamaza."

Hakusema, "Si nilikwambia." Alishuka, akakaa naye chini. Wakalia pamoja.

Manyoya yakaota polepole, huku Tetere akilisha wote, mama na wana. Bawa la kulia likaota unyoya mmoja mweupe, umepinda, haukunyooka maisha yake yote.

Mvua zikapita. Akaja Mnana, ndege kijana, anahema. "Shangazi! Kunguru ametoka kwangu sasa hivi! Shairi langu limekuwa la kwanza!"

Shorwe hakubisha. Alifungua bawa la kulia.

Mnana akautazama unyoya ule muda mrefu. "Na wewe, shangazi, ulikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza, mwanangu."

Mnana akafunga mkia wake vizuri, akakaa.

Watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya mmesinzia: shindano ambalo kila mtu ni wa kwanza ni mtego. Anayekudai malipo ili akusifu hakutafuta shairi lako, alikutafuta wewe. Mtungaji chipukizi, kabla hujatoa unyoya uliza: wenzake ni akina nani?

Hadithi yangu imekomea hapo. Kama ni nzuri, wasimulieni wengine. Kama ni mbaya, niambieni, wala sitozi ada.