Darmi na Msitu Uliokamua Mawingu

Paukwa!

Pakawa!

Mlima umejifunika nini?

Umejifunika ukungu!

Tuufunue au tuuache?

Ufunue tusikie!

Basi tegeni masikio. Hapo zamani za kale, wanyama na watu wakisalimiana njiani, palikuwa na nchi huko kaskazini, nchi ya jua na mawe meusi. Ukitembea siku ya kwanza, mawe. Siku ya pili, mawe. Siku ya tatu upepo unakutupia vumbi machoni, na mawe ni yale yale. Lakini katikati ya nchi hiyo ulisimama mlima, na mlima ule ulikuwa na msitu mbichi, mnene, wenye baridi ya kutetemesha meno. Mgeni akiuona kwa mbali alidhani macho yanamdanganya.

Nao ulikuwa msitu wa kusifiwa, tena na tuusifu, maana kizuri hakinyimwi sifa. Ndani yake mlikuwa na ziwa la duara kama bakuli. Mlikuwa na ndovu wenye pembe za kufagia majani, na tandala wenye pembe zilizosokotwa kama kamba. Palikuwa na nyati, palikuwa na chui, palikuwa na vipepeo wasiohesabika. Mizeituni ya mwituni ilikuwa imeota ndevu za kijivu matawini, ndevu ndefu kuliko za babu wa babu yako. Na kila alfajiri ukungu ulikuja ukalala juu ya miti mpaka jua lilipopanda.

Chini ya mlima huo palikuwa na chemchemi, na hapo waliishi wafugaji wa ngamia. Miongoni mwao alikuwapo mwanamke mmoja, jina lake Darmi, mwenye watoto wawili na ngamia jike mmoja. Kiongozi wa kijiji alikuwa kaka yake, Jattani.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Mwaka wa pili haikunyesha. Mwaka wa tatu haikunyesha. Maji ya chemchemi yaliyokuwa yakitoka mapana kama paja yakawa kama mkono, kisha yakabaki kama kidole. Ngamia wakaanza kufa. Ngamia wa Darmi akakauka maziwa, na watoto wakalala na njaa. Darmi akaona kukaa hakufai. Akachukua shoka lake la kukatia fito na vibuyu viwili, akamwambia kaka yake kwamba anapanda mlima kutazama maji yamezuiwa na nini.

Njiani akakutana na Fisi. Zamani hizo Fisi alikuwa na mgongo ulionyooka kama wa punda. Fisi akamwamkia kwa adabu, akamwuliza habari za watoto, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akasema, "Dada yangu, maji hayajaisha. Yananywewa na miti. Tazama miti ilivyonenepa na wewe ulivyokonda. Kata ule mzeituni mkubwa, maji yatakurudia."

Darmi alijua Fisi hula nini. Lakini mwenye kiu hupima maneno kwa koo. Akakata kutwa nzima, ka, ka, ka, mpaka mti ukaanguka. Maji hayakutoka. Fisi akasema mlafi hasa ni ule wa pili. Akakata kutwa nzima, ka, ka, ka, ukaanguka nao. Maji hayakutoka. Hata kijito kidogo kilichokuwa kikipita hapo kikakauka. Fisi akasema mwanamke mmoja hatoshi, na akatimua mbio kwenda kuwaita wanaume wa kijiji waje na mashoka.

Siku ya tatu Darmi alinyanyua shoka juu ya mti wa tatu, mikono ikiwa imechubuka. Shoka halikushuka. Alitazama nyuma akaona mkonga umelishika mpini. Alikuwa Bibi Ndovu, mkubwa wa kundi lake.

Bibi Ndovu hakumkaripia. Alimwuliza anatafuta nini, naye Darmi akaeleza yote, kuanzia ngamia hadi watoto. Bibi Ndovu akamwambia aweke kibuyu kimoja penye kisiki na kingine chini ya mti uliosimama, kisha angoje ukungu.

Alfajiri ukungu ukaja. Ukapita juu ya kisiki kama mgeni anavyopita nyumba isiyo na moshi. Lakini ulipofika kwenye mzeituni ulinaswa na zile ndevu, ukageuka matone, matone yakaanguka, ti, ti, ti. Jua lilipopanda, kibuyu cha penye kisiki kilikuwa kikavu. Kibuyu cha chini ya mti kilikuwa kimejaa.

Darmi alikaa chini akaitazama miti miwili aliyoiangusha. Machozi yakamtoka. Alielewa kwamba msitu ndio uliokuwa ukikamua mawingu, na yeye alikuwa amekata kiwele kwa mkono wake.

Hajamaliza kulia, akasikia sauti za watu. Jattani alikuwa anapanda na wanaume thelathini, mashoka begani, Fisi akiwa mbele akiwaonyesha njia. Darmi akasimama mbele ya mti, akatandaza mikono.

"Kaka, ile miwili niliikata mimi," alisema. "Nilidanganywa, nikakubali. Wa tatu usiukate mpaka unywe kwanza."

Akampa kibuyu. Jattani alikunywa, maji ya baridi yenye harufu ya majani. Akawapitishia wenzake, wakanywa thelathini wote. Akauliza yametoka wapi. Darmi akanyoosha kidole juu, kwenye ndevu zilizokuwa bado zinadondosha matone.

Jattani akamgeukia Fisi. Mwaka ule kila kiumbe mbavu zake zilihesabika, ng'ombe, ngamia, hata mbwa. Fisi peke yake tumbo lilikuwa duara.

"Wewe mwaka huu unakula nini?" Jattani akamwuliza.

Watu wakakumbuka mizoga ya ngamia iliyotapakaa bondeni, wakaelewa kiu yao ilikuwa sherehe ya nani.

Bibi Ndovu akakata shauri: Fisi achimbe penye kisiki mpaka ayatoe maji aliyoyaahidi. Akachimba siku ya kwanza. Akachimba siku ya pili. Siku ya tatu miguu ya nyuma ikamlegea, akakaa kitako, ulimi nje, na shimo ni kavu.

Darmi alikuwa hapo karibu akipanda miche. Akamletea Fisi maji. Wengine walinung'unika, wakasema afe. Darmi akawaambia, "Msitu huu ulininywesha mimi niliyeukata. Mimi ni nani nimnyime mwingine?"

Fisi akanywa, lakini hakuweza kumtazama usoni. Akateremka mlima ameinamisha kichwa, na makalio yaliyolegea siku ile hayakuinuka tena. Mpaka leo ndivyo anavyotembea.

Watu wakaweka mashoka chini, wakatega vibuyu chini ya miti kila alfajiri. Maji yalikuwa machache, lakini watoto wa Darmi walikunywa, na ngamia wake akapona. Mwaka wa nne mvua ikanyesha. Miche ikakua, ikaota ndevu. Chemchemi haikurudi kwa siku moja. Kidole kikawa mkono, na mkono ukawa paja.

Funzo lake ni hili, wapenzi wasikilizaji: anayekata msitu anajikata koo mwenyewe, maana kiu itamrudia. Na anayekuhurumia kwa maneno, mwulize atashiba nini ukianguka.

Hadithi nimeitua, nimeiweka mbele yenu. Ikiwa tamu, bebeni mwende nayo. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.